Jeshi lilitukatalia makasha kwa sababu ya vifuniko: kisa cha karakana yetu Kibiti

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi huwa nasoma nyuzi za watu humu na kupita kimya. Leo nimekuta mtu kaandika kwamba tenda za jeshi ni za wakubwa wa Dar, sisi wa wilayani tubaki na vigoda. Nimekasirika, ndiyo maana naandika. Sitatia chumvi. Pale nilipoaibika nitasema nimeaibika.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kidogo, nina karakana ya useremala hapa Kibiti mjini. Mafundi wangu ni watatu: mjomba wangu Seif, Hamisi na Shaweji.

Tulikuwa tunaishi kwa vitanda na makabati. Vikaja vile vya maboksi kutoka nje, vya kuunganisha kwa skrubu. Dukani vinang'aa, vikilowa mara moja vinavimba kama maandazi. Wateja wakavipenda hivyo hivyo.

Ikafika miezi miwili hatujauza hata kitanda kimoja. Hamisi akaniambia wazi, kazi ikikosekana mpaka Ramadhani anahamia Dar. Karakana ilikuwa inanifia mikononi.

Ndipo nikasikia jeshi linataka makasha ya mbao ya kuwekea vifaa vya huduma ya kwanza. Zamani yalitoka nje, sasa wanataka yatengenezwe nchini, na vikundi vidogo vinaruhusiwa kuomba.

Makaratasi yalinitoa jasho. Kusajili kikundi, leseni, kodi, akaunti kwenye mfumo wa manunuzi ambao mtandao ukikatika unaanza upya. Wiki tatu nzima. Nililia mara moja, chooni, nikanawa uso nikarudi kwenye kompyuta. Na kabla hamjauliza: hakuna aliyeniomba chochote.

Tukapita hatua ya kwanza. Tukaambiwa tulete sampuli sita.

Hapa niwaeleze kidogo kuhusu Mjomba. Amekulia Kiongoroni, kule delta karibu na bahari, na kazi aliyoanza nayo ni kuunda mitumbwi na mashua. Fundi wa chombo hapimi kwa tepu. Anapima kwa mkono na shibiri, kila ubao anauchonga mpaka ukae na mwenzake, kisha anatia alama ya patasi ili zisipoteane. Mbao zake zikikutana hata ukucha haupiti. Hamisi na Shaweji kawafundisha yeye, kwa hiyo nao vivyo hivyo, kila mtu na mkono wake.

Makasha yalitoka mazuri, wallahi. Tukayapakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mimi nimevaa baibui langu la Idi.

Aliyetupokea alikuwa kapteni, mwanamke, mpole tu. Akayagonga, akayamwagia maji, akasema safi. Halafu akawaamuru askari wavue vifuniko vyote sita, wavichanganye chini, wavirudishe.

Kikakaa kimoja tu.

Mjomba akacheka. "Afande, hicho si chake. Chake kile chenye alama mbili. Kila kasha na kifuniko chake."

"Mzee wangu," afande akasema, "mvua inanyesha, kuna mtu anavuja damu. Askari wangu aanze kutafuta alama?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Maana iliandikwa, wakuu! Ukurasa wa nne wa ile PDF: kifuniko chochote kikae kwenye kasha lolote. Nilisoma nikapita, nikidhani ni maneno ya kujazia karatasi.

Tukapewa siku kumi. Tukishindwa, anaitwa anayefuata.

Kesho yake Mjomba hakuja kazini. Randa haipo, patasi hazipo. Hamisi akasema kamwona akipanda gari la Nyamisati, kule zinakoondokea boti za delta. Nikachukua bodaboda.

Nilimkuta bandarini kakalia begi lake, anasubiri maji yajae.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Rudi kwako, Zena. Umri wote huu nachonga, leo naambiwa na mtoto kazi yangu mbovu."

"Hakusema mbovu."

"Kasema haviingiliani. Ndo hiyo hiyo."

Hapo nilipandisha hasira, adabu nikaiweka kando kidogo. Nikamwuliza: enzi zile mlipokata mikoko kwa kibali, mkauza boriti kwa korija, ishirini ishirini, kuna mnunuzi aliwahi kuuliza boriti hii mwenzake yupi?

"Aulize nini? Boriti boriti. Unene wake wajulikana. Ikipungua si boriti tena, unaitoa."

"Basi na afande anataka hivyo hivyo. Hajadharau mkono wako, Mjomba. Anataka korija ya vifuniko."

Boti ikaja, watu wakapanda, ikaondoka. Yeye bado kakaa palepale.

"Haya," akasema, "mwite huyo wa bodaboda."

Tukarudi mishikaki, watu watatu pikipiki moja, begi la randa limenibana mbavu njia nzima.

Mjomba akachonga vipimo vya mti wa mkongo, kimoja kwa kila upande wa kasha, kufuata milimita za kwenye karatasi. Baada ya hapo akapiga marufuku mkono, shibiri, hata tepu, maana tuligundua tepu zetu mbili zinapishana! Ubao unalazwa kwenye kipimo. Ukizidi, randa. Ukipungua, kuni. Mbao zake mwenyewe mbili nzuri zilikwenda jikoni huku anasonya. Shaweji akajisahau akatia alama ya patasi, alizomewa mpaka nikamwonea huruma.

Siku ya tisa tukarudi kwa afande. Askari wakavua, wakachanganya. Cha kwanza kikakaa. Vikafuata vitatu. Cha tano kikagoma.

Mjomba akafungua kinywa, akakifunga. Askari akapangusa ukingo kwa kiganja, kumbe punje za mchanga. Kikaingia. Na cha sita.

Hatukupewa kazi yote. Nusu yetu, nusu ya kikundi cha mkoa mwingine, na niliumia kusikia hivyo. Ila afande akaweka sharti: vifuniko vyao vikae kwenye makasha yetu, kwa hiyo waje Kibiti wanakili vipimo vyetu.

Wamekuja wiki iliyopita, mafundi wawili, na tepu zao mpya. Mjomba akazichukua zote mbili akazitia mfukoni, akawaambia, "Bismillah, tuanze." Hamisi hajaenda Dar na haendi.

Nilichojifunza: wanunuzi hawa hawanunui kasha moja zuri. Wananunua uhakika kwamba la mia litafanana na la kwanza. Fundi hodari unaye tayari hapo mtaani kwako, mpe kipimo. Na karatasi isome yote, hasa ukurasa unaokuchosha.

Wenye maswali ya makaratasi waulize, nitajibu nikitoka kazini. Na wewe mwenye karakana uliyewahi kurudishwa na mzigo wako, tuambie hapa ulikataliwa kwa lipi. Usione haya, mimi nimeshaanza.