Mvua ya Kwanza Juu ya Nyasi Bandia

Mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Filimbi hata mbele ya mumewe, alikuwa amejitwisha zigo mwenyewe. Kiwanja cha shule kilikuwa vumbi tupu wakati wa jua na tope tupu wakati wa mvua. Binti yake wa darasa la tano, mwenye pumu, alizitazama mechi kutoka dirishani. Basi walipopatikana wafadhili wa nyasi bandia, mwalimu hakukaa kimya. Muuzaji alitaka kujaza kati ya nyasi chembe za matairi chakavu. Yeye akasimama mkutanoni akakataa katakata: matairi yanachemka juani, na mvua ikinyesha chembe zake zinaishia mtoni, wanakochota maji watu wa bondeni. Akataka makumbi ya nazi yaliyosagwa.

"Makumbi ni mepesi, Mwalimu," mkuu wa shule akamwambia. "Mvua moja tu, yote yatakwenda na maji. Yakienda mimi simo. Wazazi utawajibu wewe."

"Nitawajibu," akasema.

Kiwanja kikatandikwa. Jumamosi, kabla mtoto hata mmoja hajakikanyaga, mbingu zikafunguka. Mwalimu alikuwa jikoni anamenya viazi. Mvua haikuwa ya mzaha; ilipiga bati mpaka watu ndani wakawa wanapiga kelele ili wasikilizane.

"Mke wangu, hivyo viazi umevimenya mpaka vimebaki kama karanga," mumewe, fundi cherehani, alimwambia akiinua kichwa kwenye kazi yake. "Nenda ukaangalie. Roho yako haiko hapa."

"Na nikikuta yamekwenda?"

"Utarudi nyumbani. Nyumba haijaenda na maji."

Akavaa ndala, akachukua mwavuli ambao upepo uliugeuza bakuli kabla hajafika njia panda. Alifika shuleni amelowa chapachapa. Hakuthubutu kwenda kiwanjani moja kwa moja. Alizungukia nyuma, kwenye mtaro unaotoa maji. Huko akamkuta fundi aliyezitandika zile nyasi, wanayemwita Reki kwa sababu reki haimtoki mkononi, amechuchumaa mvuani.

"Na wewe umekuja?" mwalimu akauliza.

"Ningepata wapi usingizi? Sogea uone."

Kwanza akafumba macho. Alipoyafumbua, maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu, safi, unaona mpaka chini. Wavu wa kwenye mdomo wa mtaro ulikuwa umenasa makumbi ya kujaza kofia, basi. Walipopanda kiwanjani wakakuta kona moja makumbi yamerundikana kama kichuguu. Kwingine kote yalikuwa yametulia.

"Hii kona niliiachia mwinamo mkali. Kosa langu, nitairekebisha," Reki akasema.

"Lakini mengine hayakwenda?"

"Yamekunywa maji yakashiba. Yaende wapi na matumbo hayo?"

Mwalimu akakaa kitako palepale kwenye nyasi zilizolowa, akacheka mpaka machozi, na Reki, kwa haya, akajifanya anachunguza mawingu. Kisha wakalisambaza lile rundo kwa zamu mpaka mvua ikakatika.

Jumatatu watoto waliachiwa kama ndama. Jua lilikuwa kali, na mkuu wa shule, katika suti yake, aliinama akaweka kiganja kwenye nyasi.

"Vuguvugu tu," akasema, kisha kwa sauti ya chini, "Hongera, Mwalimu. Mimi niliogopa."

"Mimi niliogopa zaidi yako, Mkuu."

Binti yake alicheza kipindi kizima. Alipiga mpira ukapaa nje ya uzio, akaja mbio kwa mama yake, anahema kama wenzake, hana kikohozi.

"Mama, kipa kanisukuma!"

"Hapa mimi ni mwamuzi, siyo mama. Rudi uwanjani."

Jioni mwalimu alikula sahani mbili, akapitiwa na usingizi kwenye kochi, mdomo wazi. Mumewe akaviosha vyombo mwenyewe, kimoja kimoja, visije vikagongana vikamwamsha.