Sebule ya Bibi Zainabu

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu. Nilikuwa nimetoka Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia kutoka Rwanda na ambako nilizaliwa na kusoma, na nilidhani mtu akiajiriwa ofisini Kigali hukaa ofisini. Katibu Mtendaji wa sekta, ambaye huku kwetu kila mtu humwita Gitifu, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso. Alikuwa mwanamume mnene aliyekulia Uganda, na Kiswahili chake alikiokota kwenye biashara.

"Madamu, hiyo viatu iko nzuri sana," akasema. "Utavaa kwa harusi. Mukecuru yako iko kule chini kwa bonde, mguu iko inamuuma, hawezi kupanda mpaka huku. Sasa unangoja nini?"

Mukecuru ni bikizee, na kwetu ni neno la heshima. Nikashuka bondeni kumtafuta, nikarudi jioni viatu nimevishika mkononi. Kesho yake nilinunua raba sokoni Nyabugogo, nikaanza kazi upya.

Cheo changu kiliandikwa afisa ustawi wa jamii, lakini kina mama wa mtaa walikifupisha wakaniita Sosho, na hadi leo wapo wasiolijua jina langu. Kwa wazee, kazi yangu ilikuwa kuwatafutia msaada. Asiye na bima nilimwombea mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, ambayo serikali humlipia asiyejiweza. Aliyezidiwa nguvu na hana mtoto wa kumtazama nilimpeleka kwenye ingoboka, fedha anayopewa kila mwezi. Nyumba ikiwa mbovu, tuliitengeneza kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ninyi vijana mnaoanza leo mmepewa tableti na mafunzo, na nawaonea wivu kidogo. Ila tableti haitawaambia kwamba mzee wa Kinyarwanda ukimuuliza anahitaji nini, atakujibu kwamba hajambo na Mungu yupo. Muulize jana alipika nini, na nani alimletea maji, kisha nyamaza umsikilize.

Kituo changu cha pili kilikuwa upande wa Rebero. Huko nilikutana na shida ambayo sikuisomea: mzee ana nyumba nzuri yenye geti na maua, watoto wake wako ng'ambo, na hana wa kumshika mkono mpaka kituo cha afya kupimwa presha. Gitifu wa huko alikuwa mama mmoja mpole ambaye hakupenda haraka zangu. Siku moja aliniona nikikataa chai kwa mzee mmoja, akaningojea nje.

"Ukipewa chai, unakunywa," akaniambia. "Ukikataa, umemwambia kwamba yeye hana kitu. Rwose, kweli kabisa, usifanye hivyo tena."

Tangu hapo nimekunywa chai nyingi kuliko maji, na sukari yangu mwenyewe daktari anaijua.

Kituo cha tatu kilikuwa katikati ya mji, karibu na Muhima, na hapo ndipo nilipomkuta Bibi Zainabu. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa huku wakabaki. Yeye alikuwa fundi cherehani, na nusu ya watoto wa mtaa walikwenda shule wamevaa sare alizoshona. Nilipofika, macho yalikuwa yamefifia, cherehani ilikuwa imeuzwa, na presha ilikuwa imekamatana na sukari mwilini mwake. Watoto wake hawapo tena, na kwetu mzee haulizwi zaidi ya hapo. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu alinitania. Aliniita mwanangu, kisha akaniuliza ni fundi gani aliyeniharibia gauni.

Shida yake kubwa ilikuwa ukuta wa chumba cha kulala. Ulikuwa wa udongo, mvua ilikuwa imeula kwa chini, na ukisimama kwenye uwanja wa jirani uliuona umelalia upande wa kitanda. Masika yalikuwa yamekaribia. Kamati ya kuchagua wa kusaidiwa ikimkubali, angepata ukuta, bima na ingoboka kwa pamoja. Ikimkataa, angebaki na ukuta ule ule, na mvua isingemngoja.

Kamati ikaenda kumtembelea, ikiongozwa na Gitifu wetu, kijana msafi wa kunyoosha shati hadi kwenye kola. Bibi Zainabu alitupokea mlangoni akinukia udi. Sebuleni tulikuta kochi la rangi ya divai, zulia, chupa ya chai yenye maua na sahani ya sambusa za moto. Pazia la chumbani lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyethubutu kuomba kuingia chumbani kwa mwanamke wa umri ule. Tukala, tukashukuru, tukatoka.

"Madamu Sosho," Gitifu akaninong'oneza barabarani, "kochi yake iko nzuri kupita yangu. Kwangu mugeni anakaa kwa plastiki!"

Nikamweleza kuhusu ukuta. Akafikiri, na hakunipuuza. "Basi tusikie inteko," akasema. "Majirani ndio wanajua."

Inteko ni mkutano wa wananchi wa Jumanne, ambapo mtaa wenyewe husema nani asaidiwe. Siku moja kabla yake nilimwendea Bibi Zainabu, nikamwomba aseme ukweli.

"Ukweli gani, mwanangu?" akauliza. "Mgeni wangu akae chini?"

"Bibi, ule ukuta utakuangukia."

"Ukiniangukia, utanikuta nimevaa vizuri."

Nilicheka mbele yake, na nilipofika njiani nikalia. Nilijua masika yakimkuta pale nitaitwa kumtoa chini ya udongo, na nilijua hatabadili neno.

Jumanne hiyo watu walijaa mbele ya ofisi ya sekta. Jina lake likasomwa. Akasimama na kitenge chake kilichopigwa pasi, mtandio mweupe kichwani. "Alhamdulillahi, sina ninachokosa," akasema. "Wapeni wenye shida."

Majirani wakatazama chini. Walijua hali yake wote, lakini nani angesimama amwite maskini mbele ya uso wake, na ndiye aliyewashonea watoto wao sare? Mimi nami sheria ya kazi ilinifunga mdomo, maana afisa hamsemei mwananchi kwenye inteko.

Ndipo Mama Kevine, muuza nyanya wa nyumba ya pili, alipoinua mkono. "Mimi iko na kitu kimoja tu, na si ya mukecuru. Iko ya kochi. Jumamosi watu wanakuja kuposa Kevine, none, sasa watakaa wapi? Bibi, disi, nisamehe, naomba kochi yangu irudi."

Mtu akaguna. Kinyozi Hamisi akasimama: "Na zuria yangu, kama mumemaliza."

"Na thermos!" sauti ya kike ikatoka nyuma. "Iko ya mama mkwe! Atanifukuza, sha!"

Mkutano mzima ukapasuka kwa kicheko, Gitifu akafunika mdomo kwa kiganja. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Bibi Zainabu, aliyekuwa bado amesimama, nikiogopa kwamba ataondoka asionekane tena. Akarekebisha mtandio wake taratibu mpaka watu wakatulia.

"Kochi ni la Mama Kevine," akasema. "Zulia la Hamisi. Chupa ya yule pale anayeogopa mkwewe. Lakini sambusa nilizikaanga mimi, na Gitifu amezimaliza."

Gitifu akasimama, akaweka mkono kifuani. "Nilizimaliza, Bibi. Zilikuwa tamu sana."

Mikono ikainuliwa uwanja mzima kukubali asaidiwe. Masika yalipoanza, ukuta mpya ulikuwa umeshasimama, wa matofali, na Gitifu mwenyewe alikanyaga udongo wa kuyajengea huku suruali ameikunja hadi magotini. Dawa za presha Bibi Zainabu alizipata, na ingoboka ikawa inafika.

Ila mimi alininunia. Aliamini kwamba mchezo ule niliupanga na majirani. Sikuupanga, ingawa siwezi kukataa kwamba niliufurahia. Kila nilipomtembelea alinikalisha sebuleni, akaniletea kikombe juu ya kisosi, akaniita Madamu Afisa. Heshima ile iliniuma kuliko matusi. Miaka ikapita hivyo, dawa akinywa, ukuta ukiwa mzima, na utani wake wote akiwapa watu wengine.

Sasa nimestaafu. Asubuhi nakaa kibarazani, na maafisa vijana hunipigia simu kuuliza mzee fulani apelekwe wapi. Nawajibu ninavyojua. Wananiuliza pia kama ninaikumbuka kazi, nami nawaambia kwamba naukumbuka mlango wa kila mzee niliyewahi kumbishia hodi, hata wale walionifungia.

Wiki yangu ya mwisho ofisini nilikwenda kumuaga Bibi Zainabu. Alitoka akipapasa ukuta kwa mkono, akaanza kunisogezea kiti cha sebuleni.

"Bibi, nimekuja kuaga," nikasema. "Ofisi wamenipumzisha. Kuanzia Jumatatu mimi si Madamu tena, ni mukecuru tu kama wewe."

Akasimama akinisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akakiacha kile kiti, akafungua pazia la chumbani.

"Sebuleni ni kwa wageni," akasema. "Pita huku."

Akaniketisha kitandani kwake, akanimiminia chai kwenye kikombe kilichokatika mkono, kile anachonywea mwenyewe, akaniita mwanangu.