Zamu ya Majina

Gari la wafadhili lilikohoa kwenye kona ya mwisho, likaingia kijiji cha milimani ambacho Ketut Sandat, mhudumu wa afya kutoka mjini, alikuwa hajawahi kukikanyaga. Nyuma lilijaa katoni za vidonge vya kupanga uzazi, msaada kutoka nchi ya kigeni ya Bi Margit, mfadhili aliyekaa mbele amekumbatia bango. Wanaume wa baraza wakikubali, gari litapanda kila mwezi. Wakikataa, katoni zitarudi mjini, na wanawake waliomtumia Ketut salamu za chinichini watabaki mikono mitupu.

Bango likabandikwa ukumbini: baba, mama, watoto wawili wenye mashavu manene.

"Wawili wanatosha," alisema Bi Margit. Maneno hayo Ketut alimfundisha njiani.

Mkuu wa baraza, Nyoman Lengar, akaguna, maana huko kila mtoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa, na majina ni manne tu. "Wa kwanza Wayan, wa pili Made. Sawa. Sasa mimi Nyoman, wa tatu, niende wapi? Na wewe binti, unaitwa nani vile?"

"Ketut."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Wa nne! Mama yako angekusikiliza, leo nani angetuhubiria?"

"Angepumzika, mzee. Na nyie msingesumbuliwa."

"Wanacheka nini?" Bi Margit alinong'ona.

"Wanasifia bango."

Lakini Lengar alishaanza kutikisa kichwa. Ndipo mkewe, aliyekuwa akigawa kahawa, alipotua sinia na kupaza sauti: "Wayan!"

Wakaja wawili, mmoja na ndevu, mwingine na kamasi.

"Made!"

Wawili tena.

"Nyoman!"

Akaja msichana mmoja, na pale mkekani Lengar naye akaitika, "Naam?"

"Sikukuita wewe, Baba Wayan. Wa nne, Ketut wetu, yuko malishoni. Wa tano tulirudi kwa Wayan, wa sita kwa Made. Majina yakiisha mnaanza upya. Na mimi mnanianzisha upya vipi?"

Wanaume wakachungulia vikombe vyao.

"Gari lije," Lengar alisema hatimaye. "Ila hilo bango liondoke. Linanikodolea macho."

"Kumbe bango limesaidia!" Bi Margit alifurahi alipotafsiriwa nusu ya kwanza.

"Sana," alijibu Ketut. "Ila mwezi ujao, mahali pake tupakie vidonge zaidi. Maneno tutasema wenyewe."

Katoni mbili za mwezi wa kwanza zikashushwa. Ketut alipopanda garini, Mama Wayan, mke wa Lengar, akashika dirisha.

"Usichelewe, mwanangu. Ukichelewa, nitapata Nyoman. Ukichelewa sana, nitapata mtoto wa jina lako, nami nitakuletea umlee."

Gari likateremka. Mama Wayan akabaki barabarani, katoni kichwani, akicheka peke yake.