Siku Niliyomvunja Taya Mwenzangu

Nilimvunja taya rafiki yangu katika kibanda cha intaneti kule mtaa wa Kizwite, saa nne asubuhi, mbele ya wateja.

Biashara huria ilikuwa imetuletea Sumbawanga kompyuta kuukuu, na sisi wawili tulijifunza kuzitungia michezo. Yeye kwao Mollo, nje ya mji, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Mimi ni Mfipa, mwenyeji wa hapa, kwetu tunalima mahindi. Mchezo wetu ulikuwa wa watu wawili: mmoja anaswaga ng'ombe, mwingine analinda shamba. Shida ni kwamba wachezaji walilazimika kukaa kwenye kompyuta moja. Tukaiomba kampuni moja ya ng'ambo, yenye tovuti ya michezo, ituunganishie wachezaji walio mbali kupitia mitambo yake. Watunzi wadogo kama sisi ilikuwa ikiwasaidia bure.

Asubuhi hiyo, pale kibandani, nikafungua ukurasa wa mchezo wetu kwenye tovuti ile. Tumekubaliwa. Mtunzi: jina lake peke yake.

Akaingia anacheka. "Mambo, mshikaji. Umeona?"

"Jina langu liko wapi?"

"Tulia. Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, ila..."

Sikungoja. Nilinyanyua stabilaiza, lile dude zito la kutulizia umeme, nikampiga nalo usoni. Akaanguka na kiti. Nikampiga mateke ya mbavu, akatema damu na meno mawili, nami nikaendelea hadi mwenye kibanda, mama wa makamo, aliponikaba shingo kwa kanga yake.

"Soma barua pepe zako, mwendawazimu wewe," alisema. "Jana alikutumia mwaliko akiwa hapa hapa, nikimwona."

Nikasoma. Ulikuwepo. Ningebonyeza mara moja tu, jina langu lingekaa kando ya lake.

Mchana baba yake alikuja kwetu na fimbo ya kuchungia. Nilimwamkia shikamoo, akainua fimbo. Alinichapa hadi fimbo ikakatika. Mama yangu alisimama mlangoni, akasema, "Mpige, baba, ila usimuue." Sikujikinga.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, hakuweza kusema. Akaandika kwenye daftari: "Mechi zinakatika baada ya dakika tatu. Rekebisha." Nikalia. Yeye akageukia ukutani.

Nilirekebisha. Watu wa nchi nisizozijua wakaanza kucheza. Tuliendelea na kazi kwa barua pepe, yeye na mimi, wala hakukubali tena kukaa nami chumba kimoja. Mama yake akiniona sokoni huvuka barabara.