Harufu ya Baba kwenye AC

Leo nimeifuta harufu ya baba yangu kwa kujitakia.

Gari ni la marehemu baba. Tangu niachiwe, ukiwasha AC matundu yanatoa harufu ya uvundo na sigara. Kwa baridi hii ya Lushoto huwezi kutembea vioo wazi, basi nimevumilia mwaka mzima.

Asubuhi nikalipeleka kwa fundi. Akatoa filta nyeusi tii, akapuliza povu kwenye matundu, akamalizia na dawa ya kunukia limao.

Nikafurahi kweli.

Nikaenda Vuga kumchukua mama, maana kila wiki huniomba nimpeleke kliniki kupima presha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akapanda, akafunga mlango. "Washa hewa."

Nikawasha. Akasogeza uso kwenye tundu, akakaa hivyo kitambo.

"Umelisafisha?"

"Ndiyo mama, lilikuwa linanuka sigara."

Akageukia dirishani. "Presha yangu ilishatulia zamani. Nilikuwa napanda humu nimnuse baba yako."

Jamani, nikatoa simu palepale.

Nikampigia fundi kuulizia ile filta. Ameshaichoma pamoja na takataka.

Nilipomwambia mama, akanishika mkono. "Twende tu, mwanangu."

Njia nzima akanisimulia jinsi baba alivyokuwa akijifungia humu ndani kuvuta, akiamini mkewe hajui.

Wenzangu, kuna mwenye kitu cha mtu wake ambacho bado kina harufu yake?

Usikifue kwanza. Waulize wa nyumbani.