Jina Nililoliandika

Juzi nililiona lile lori kuukuu la baba mbele ya hoteli moja Diani, limevishwa maua, wageni wakilipiga picha. Nikasikia tena harufu ya grisi mikononi mwa baba, alasiri ile kule Munje. Alikuwa amelifufua kwa miaka, nati moja baada ya nyingine. Likapita ukaguzi, ikabaki fomu ya usajili tu. Yeye hakujua kuandika, nilijua mimi.

"Andika jina la baba yako mkubwa," aliniambia. "Nitajitangulizaje mbele ya kaka yangu?"

Nilidhani ni heshima tu, kama shikamoo. Nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Baba mkubwa alipofariki, wanawe walikuja na kitabu cha gari, hati ya umiliki, kulichukua lori. Baba hakuwabishia. Alinipa kile kitabu nimsomee jina, nami nikamsomea.