Mdudu wa Chebet ameingia kwa gunia langu

Majani yangu ya chai yamekataliwa leo, na ni mdomo wangu umeniponza.

Msichana wangu Chebet anapiga kiwavi kimoja picha kila jioni na simu yangu, karibu kabisa, mpaka unaona nywele zake. Anangoja kigeuke kipepeo ndio apeleke picha zote shuleni.

Kimejikunja ndani ya jani la chai. Akafunga uzi mwekundu hapo. "Mama, hapa usichume."

Nikasema sawa.

Lakini mikono ya miaka yote hii haisikii. Nimefika kituo cha kupima majani ndio naona uzi mwekundu kwa gunia, umefunguka, hauna jani!

Woi, mtoto atalia.

Nikamwaga majani yote kwa meza, nikaanza kupekua.

"Mama Chebet, umepoteza pete?" karani akauliza.

"Hapana, natafuta mdudu."

Watu wakageuka kuniangalia. Halafu wakacheka.

Karani hakucheka. "Mdudu kwa majani? Rudisha nyumbani, mama. Hiyo siwezi kupima."

Nikamwambia ni mmoja tu, tena ni wa shule. Wapi!

Nimebeba gunia mpaka nyumbani. Nimepekua jani kwa jani, mgongo unaniuma.

Nimepata wanne.

Kumbe karani alikuwa na haki. Na wote wanafanana!

Chebet anatoka shule saa kumi. Picha yake ya jana ndio hii, na hawa chini ndio wale wanne. Nyinyi wenye macho mazuri, niambieni haraka jameni, wake ni yupi?